Kujifunza Linux: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi ukiache dukani

Anayehamia Linux, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, leo hakosi vya kununua. Kuna vitabu vinene, kozi za video, usajili wa kila mwezi, vitabu vya kujiandaa na mitihani, hata mabango ya amri ya kubandika ukutani. Vingi kati ya hivyo vimetengenezwa ili vitazamwe, na Linux haiingii kichwani kwa kutazama. Ndiyo maana nimevipanga kwa kipimo kimoja: ukikaa nacho saa moja, umeandika amri ngapi mwenyewe, na umeelewa kwa nini zimefanya zilichofanya? Kwa kipimo hicho, vya bei ghali mara nyingi havifiki juu.

Kwanza hakikisha una mashine ya kuchezea, maana bila hiyo vyote vinavyofuata ni bure. Kompyuta ya zamani yenye prosesa ya biti 64 inafaa sana. Linux Mint, kwa mfano, ambayo ni moja ya distro (matoleo tofauti ya Linux), inaomba kumbukumbu ya GB 2 tu, ingawa kwa GB 4 utaitumia kwa raha zaidi. Kama una kompyuta moja na hutaki kuigusa, weka VirtualBox, programu ya bure inayoiga kompyuta nyingine ndani ya yako, kisha usakinishe Linux ndani yake. Ukiharibu, unafuta na kuanza upya. Uhuru huo wa kuharibu ni sehemu kubwa ya masomo.

Mambo mawili ya kukagua kabla ya kulipa

La kwanza ni umri. Fungua faharasa ya kitabu, au orodha ya masomo ya kozi, utafute amri za systemctl na ip. Distro za Debian na Ubuntu zilihamia systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, mwaka 2015, na tangu hapo huduma za mfumo huwashwa, huzimwa na kukaguliwa kwa systemctl. Kitabu kinachofundisha mtandao kwa ifconfig, amri ya zamani iliyorithiwa na ip, peke yake ni cha enzi iliyopita. Kwenye distro nyingi za sasa amri hiyo haimo mpaka uisakinishe, kwa hiyo mgeni anaiandika, anajibiwa kwamba amri haipo, anaanza kudhani kompyuta yake ina kasoro. Tazama pia somo la kusakinisha linatumia distro gani. Msaada wa distro ya CentOS Linux 8 ulikoma mwisho wa 2021, na wa CentOS 7 ukakoma Juni 2024. Kozi ambayo bado inakuelekeza huko haijaguswa kwa muda mrefu. Lakini usitupe kila cha zamani: sura nzuri kuhusu amri za msingi kama ls, cp na grep, na alama ya | inayounganisha amri, inabaki nzuri hata ikiwa na miaka 20.

La pili ni ubora wa maelezo, na hapa nina somo moja ninalolifungua kabla ya mengine yote: ruhusa za faili. Mwandishi mzuri atakuonyesha mstari huu unaotokana na ls -l, amri ya kuorodhesha faili:

-rw-r--r--

Kisha atauchambua herufi kwa herufi. Kistari cha mwanzo kinasema hili ni faili la kawaida; ingekuwa folda, pangekuwa na d. Herufi tatu zinazofuata ni za mmiliki: anaweza kusoma (r) na kuandika (w), lakini hawezi kuliendesha kama programu, ndiyo maana nafasi ya x ina kistari. Tatu za katikati ni za kikundi, na tatu za mwisho ni za watu wengine wote. Halafu anakuonyesha kwamba r ni 4, w ni 2, x ni 1, kwa hiyo mmiliki ana 6, kikundi 4, wengine 4, na hapo chmod 644, amri ya kuweka ruhusa hizo, inaacha kuwa namba ya kukariri. Mwalimu mbaya, akikutana na faili lililokataa kufunguka, anakwambia uandike chmod 777 na usonge mbele. Amekufundisha kumpa kila anayetumia mashine hiyo ruhusa ya kusoma, kubadilisha na kuendesha faili lako, bila kukwambia kwamba ndicho ulichofanya. Ukiiona 777 imetolewa kama dawa ya jumla, funga, usinunue.

Nafasi ya kwanza: kitabu kimoja cha amri

Chaguo langu ni The Linux Command Line cha William Shotts. Kinaanza na mtu asiyejua chochote kuhusu teminali (dirisha la kuandikia amri) na kumfikisha kwenye kuandika skripti (faili za amri zinazoendeshwa pamoja) zake mwenyewe, na kila sura inakulazimisha kuandika kitu. PDF yake hutolewa bure na mwandishi mwenyewe kwa leseni ya Creative Commons, na No Starch Press hukichapa kwenye karatasi. Ushauri wangu ni huu: pakua PDF, fanya sura tano za mwanzo, na ukijikuta unaendelea, nunua cha karatasi. Kitabu kilichofunguliwa pembeni ya kibodi hakifichi dirisha unaloandikia. Upungufu wake ni kwamba hakishughuliki na kusakinisha mfumo wala kinachotokea ndani yake kompyuta inapowaka. Kwa hayo kuna How Linux Works cha Brian Ward, toleo la tatu la 2021, lakini kinunue baadaye, ukishazoea teminali.

Nafasi ya pili: mazoezi ya mtindo wa mchezo

Bandit, mchezo wa mtandaoni wa OverTheWire, ni bure, na ningeilipia kama ingeuzwa. Unaingia kwenye seva yao kwa ssh, njia ya kutumia kompyuta ya mbali, na kila hatua ina nywila ya hatua inayofuata iliyofichwa mahali. Mapema kabisa unakuta nywila imo kwenye faili ambalo jina lake ni kistari kimoja tu. Amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili ni cat, lakini unaandika cat - na hakuna kinachotokea. Kishale kinapepesa tu. Ukichunguza unagundua kwamba cat inachukulia kistari kuwa agizo la kusubiri maneno kutoka kwenye kibodi, kwa hiyo lazima uitaje njia ya faili: cat ./- na nywila inatoka. Jambo ulilolitafuta hivyo hulisahau kirahisi. Haikai nafasi ya kwanza kwa sababu moja: haifundishi, inauliza tu. Inahitaji kitabu pembeni.

Nafasi ya tatu: kozi yenye mpangilio

Kwa anayehitaji ratiba, kozi ya utangulizi ya Linux Foundation, LFS101, inafuatwa bila malipo. Faida yake kubwa ni kwamba inagusa familia tatu za distro, yaani Red Hat, SUSE na Debian, hivyo hutabaki mfungwa wa distro moja. Inaenda juujuu mahali pengi, nayo ni ya kusoma zaidi kuliko kutenda.

Nafasi ya nne: video za kulipia

Zinasaidia kuona mtu mzoefu akifanya kazi, hasa anapokosea na kujirekebisha. Ila huwezi kutafuta neno ndani ya video kama kwenye kitabu, na mwenye kozi akishaiuza mara chache huirekodi upya. Usisukumwe na bei iliyokatwa ikiwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Punguzo la namna hiyo hurudi tena na tena. Tazama masomo ya majaribio, na ukiona dakika kumi zimepita bila mwalimu kukwambia usimamishe video ujaribu, tafuta nyingine.

Nafasi ya tano: vitabu vya mitihani

Hivi vinunuliwe na mwenye mtihani. Mtihani wa RHCSA, cheti cha msimamizi wa mfumo cha Red Hat, hufanywa kwa kutenda kwenye mfumo halisi, kwa hiyo kitabu cha maswali ya kuchagua jibu hakitakufikisha mbali. Hakikisha pia kinalingana na toleo la mfumo utakaotahiniwa nalo. Anayetaka cheti cha kuanzia cha Linux Essentials asinunue kitabu kabla ya kuona masomo ambayo LPI, wanaotoa cheti hicho, wanayatoa bure, kwa lugha kadhaa.

Vya kuacha

Bango la amri, daftari la amri na vikombe vyenye amri. Orodha iliyo hai tayari unayo: andika man ls upate maelezo kamili ya amri, au man -k ikifuatwa na neno la Kiingereza la unachotafuta, na mfumo utakutajia amri zinazohusika. Kwenye Debian unaweza hata kuandika sudo apt install debian-handbook ukapata kitabu kizima cha usimamizi wa mfumo ndani ya kompyuta yako, kikisomeka hata intaneti ikikatika.