Caddy, bawabu wa seva: tathmini kwa wenye ofisi ndogo Tanga

Duka la jumla Ngamiani linatumia programu ya Odoo kuhesabu stoo, nayo husikiliza poti 8069 (poti ni mlango wenye namba ndani ya seva). Nyumba ya wageni Raskazone ina programu ya kupokea nafasi, poti 3000. Zote zinakaa kwenye seva moja ya kukodi, na hakuna mteja atakayekubali kuandika tarakimu za IP zenye 8069 mkiani. Inahitajika riversi proksi: seva ya mbele inayopokea kila ombi kwenye poti 80 na 443, ikatazama jina lililoombwa, kisha ikalipeleka kwa programu husika.

Wengi hukimbilia Nginx, programu nyingine ya kazi hii hii, na si kosa. Ila kwa ofisi ya namna hii, isiyo na fundi wa kudumu, Caddy toleo la 2 ndiyo chaguo bora. Ushahidi ni huu hapa, faili zima la /etc/caddy/Caddyfile:

stoo.example.com {
    reverse_proxy 127.0.0.1:8069
}
wageni.example.com {
    reverse_proxy 127.0.0.1:3000
}

Hakuna kilichopunguzwa. Caddy inaomba cheti cha usalama kwa Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, inakiweka, inahamisha wageni wa http kwenda https, na inahuisha cheti chenye uhai wa siku 90 kikibakiza kama theluthi moja. Vichwa vya X-Forwarded-For (IP ya mgeni) na X-Forwarded-Proto (kama amekuja kwa http au https) inaviongeza yenyewe, jina la Host, yaani kikoa kilichoombwa, inalipitisha kama lilivyokuja, na websoketi, miunganisho inayobaki wazi kati ya kivinjari na programu, zinapita bila agizo. Kwenye Nginx, kila kimoja kati ya hivyo unakiandika kwa mkono. Ukisahau X-Forwarded-Proto, programu hudhani mgeni amekuja kwa http, inamrudisha https, na kivinjari kinazunguka kama pia hadi kinakata tamaa. Nginx pia hukataa faili linalozidi MB 1 mpaka ubadilishe client_max_body_size. Mtu anapakia picha ya risiti anapewa kosa 413. Caddy haina kikomo hicho, jambo lililo zuri na baya: kikomo cha kujikinga inabidi ukiweke mwenyewe kwa request_body.

Isakinishe kwa apt, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, kutoka hazina ya Caddy wenyewe. Inajiandikisha kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwa hiyo seva ikizimwa na kuwashwa, inaamka bila kuitwa. Ukibadilisha faili, anza na caddy validate --config /etc/caddy/Caddyfile, ndipo systemctl reload caddy. Tumia reload, si restart, ili walio katikati ya kazi wasikatwe.

Cheti kikigoma, usianze kuifuta Caddy na kuisakinisha upya. Soma kumbukumbu zake kwa amri journalctl -u caddy. Mara nyingi rekodi A ya kikoa (mstari wa DNS unaotaja IP yake) haijaelekezwa kwenye seva, au poti 80 imefungwa kwenye ukuta wa moto. Ukifeli uhakiki mara 5 kwa jina moja ndani ya saa moja, Let's Encrypt inakuwekea kizuizi cha muda. Wanaotumia Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kisanduku chake kiitwacho kontena, wana mtego wao: folda ya /data isipofungwa kwenye voliyumu, yaani hifadhi inayobaki kontena likifutwa, kila kontena likiundwa upya vyeti vinapotea na vipya vinaombwa, wakati jina lile lile hupewa vyeti 5 tu kwa siku 7.

Kosa 502 maana yake Caddy iko hai lakini nyuma hakuna anayejibu. Kama Caddy yenyewe imo ndani ya kontena, 127.0.0.1 ni kontena hilo hilo, si seva. Andika jina la huduma, mfano odoo:8069. Na Odoo ikiwa kwenye Docker huku Caddy iko nje, ichapishe kama 127.0.0.1:8069:8069. Ukiacha 8069:8069, Docker inapita pembeni ya ufw, ukuta wa moto wa seva, na programu inabaki wazi kwa dunia nzima. Bawabu yuko mlangoni, dirisha liko wazi. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote hapa, kwa sababu kila kitu kinaonekana kinafanya kazi.

Je, kompyuta ya ofisini badala ya seva ya kukodi? Angalia kwanza IP ya upande wa nje kwenye ruta ya 4G. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya mtandao wa pamoja wa kampuni ya simu, na kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia chochote. Kodi seva ndogo yenye RAM ya GB 1, weka Caddy huko, unganisha ofisi kwa WireGuard (programu ya VPN, njia ya siri kati ya mashine mbili), na uandike reverse_proxy 10.8.0.2:8069, ambapo 10.8.0.2 ni anwani ya kompyuta ya ofisi ndani ya njia hiyo. Upande wa ofisi weka PersistentKeepalive = 25, la sivyo njia hujifunga kukiwa kimya. Kumbuka tu umeme wa Chumbageni ukikatika, seva ya mbele itaendelea kusimama ikigawa 502.

Kasoro? Kuzuia maombi mengi kwa dakika, kazi ambayo Nginx hufanya kwa limit_req iliyomo ndani yake, kwenye Caddy kunataka moduli ya ziada na kuijenga upya kwa xcaddy, zana ya kutengenezea Caddy yenye moduli. Uhakiki wa cheti kwa njia ya DNS, yaani kwa rekodi ya kikoa badala ya poti 80, vilevile. Ukishajenga yako, apt haitakuletea masasisho yenye moduli hizo. Ni juu yako kuijenga tena kila toleo jipya likitoka. Mwenye wavamizi wanaogonga ukurasa wa kuingia usiku kucha abaki na Nginx.