Tahadhari: "wakala wa KRA" anayewatafuta wenye ritani za zamani

Jamani wa Kisauni, Likoni na Mwembe Tayari hapa Mombasa, hasa nyinyi mnaofanya kazi za hoteli kwa msimu: kuna bwana anajiita wakala wa KRA, mamlaka ya kodi. Anawatafuta wasiojaza ritani, yaani fomu za kodi, za miaka ya nyuma, anataka Sh1,500 kwa M-Pesa pamoja na pini ya KRA na paswadi ya iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani, kisha anakuahidi refandi, yaani kurudishiwa kodi uliyokatwa zaidi, "ndani ya wiki". Msimpe.

Anaaminika kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Chukua mhudumu wa mshahara wa Sh40,000 aliyefanya miezi sita, msimu ukaisha, asipate kazi nyingine mwaka huo. Amepata Sh240,000. Kwa viwango vya tangu 2021, kodi yake ya mwaka ni asilimia 10, yaani Sh24,000, na nafuu ya kodi ya mwaka, yaani kiasi kinachoondolewa kwenye kodi hiyo, ni Sh28,800. Kwa hivyo hadaiwi hata senti, na huku mwajiri alikuwa akimkata kodi kila mwezi kana kwamba atafanya kazi mwaka mzima. Pesa hizo ni zake, hata kama amechelewa kujaza, mradi aziombe kabla ya miaka mitano tangu kodi ilipolipwa.

Sasa huyu bwana akishaingia iTax hubadilisha barua pepe ili ujumbe wa KRA umfikie yeye. Anajaza bima ambayo hukuwahi kulipia, kwa vile bima hupunguza kodi, ili refandi ivimbe, na akaunti ya benki anayoandika si yako. Kijana mmoja mtaani kwetu amefungiwa nje ya iTax yake mwenyewe, simu ya "wakala" haishikwi, na ritani ya uongo imekaa kwa jina lake. Atakayeulizwa ni yeye.

Bwana huyo anadai pia eti faini yako ya kuchelewa imeshafutwa na "mkubwa wa ofisini". Uongo mtupu! Ritani ya mtu binafsi ikichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa, na hulipwa kwa hati inayotoka iTax. Haitumwi kwa namba ya simu ya mtu.

Kujaza ritani KRA hawatozi chochote. Mdai mwajiri wako P9, fomu inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, ya kila mwaka, hata kama uliacha kazi kitambo, uende Huduma Centre pale Posta. Ukienda saiba, kaa wewe mbele ya skrini na paswadi uiandike kwa mkono wako. Refandi huangaliwa kwanza kabla ya kulipwa, na inaweza kuchukua miezi.

Kama tayari ulimpa, badilisha paswadi leo na uangalie barua pepe na namba ya simu zilizomo ni za nani. Ukishindwa kuingia, nenda KRA na kitambulisho chako, uwaeleze kuwa ile ritani hukuijaza wewe na uombe kuirekebisha. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, polisi watauhitaji ukiandikisha ripoti.