Shimba Hills kwa miguu: askari nyota tano, gari nyota mbili

Gari la kutupeleka hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills lilitufuata Likoni saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili, na dereva hata pole hakusema. Mahamri niliyofungasha yakaisha kabla hatujafika Kwale. Hapo nawakata nyota.

Lakini matembezi ya kwenda maporomoko ya Sheldrick, wallahi nitarudi. Askari mwenye bunduki alitupanga mstari mmoja, akachota vumbi akaliachia lianguke aone upepo unakoelekea. Akanigeukia: "Mama, udi wako huo ndovu ameshaunusa." Nikaona haya, maana nilijifukiza haswa.

Chini kidogo tukamkuta jike na mtoto wake, kama mita 40. Masikio kayatanua, mkonga juu. Mjomba wangu alitaka kutimua mbio. Askari akamshika shati. "Ndovu humuwezi kwa mbio. Rudi kinyumenyume, taratibu, na usiingie kati yake na mtoto." Tukarudi hivyo hivyo hadi nyuma ya miti mikubwa, naye akalegeza masikio, akaendelea kuvunja matawi yake.

Palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, ambao Kenya nzima wako Shimba Hills tu, tuliwaona kwa mbali.

Maji ya kunywa hawatoi, beba yako. Na ndara ziache nyumbani, ule mlima wa kurudi si mchezo.