Nimetoa taa nyeupe uani, nimeweka za njano: uzoefu wangu na 2700K na 3000K

Kwa miezi minane uwanja wa nyumba yetu hapa Tanga uling'aa kuliko nyumba zote za mtaani, na hakuna aliyetaka kukaa humo. Nilikuwa nimefunga taa sita za ukutani na nne za kuchomeka ardhini kando ya maua, zote nyeupe pepepe, kwa sababu muuzaji aliniambia, "Dada, hizi ndizo zinazomulika kweli." Kumulika zinamulika. Lakini mama, ambaye tangu nimjue hunywa kahawa yake barazani baada ya isha, alianza kuhamia sebuleni. Nikimuuliza, hujibu tu kwamba macho yanamuuma.

Nilielewa siku umeme ulipokatika. Mama aliwasha kandili, akaiweka kwenye ukingo wa baraza, akakaa. Watoto wakamfuata, jirani naye akaja, tukazungumza mpaka saa nne. Umeme uliporudi na taa zangu zikawaka, kila mtu aliinua mkono kujikinga uso. Kesho yake nikaingia stoo kusoma maboksi.

Kwenye kila boksi kuna namba inayofuatwa na herufi K, yaani kelvini. Zangu zilikuwa 6500K. Namba hiyo haihusiani na nguvu ya taa: ukali wa mwanga unasomwa kwenye lumeni, na umeme inaokula unasomwa kwenye wati. K ni rangi ya mwanga. Ikipanda, mwanga unaelekea buluu. Ikishuka, unaelekea njano. Aliyewahi kusimama kwa mhunzi ataelewa mara moja, maana chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha njano, kikizidi tena huwa cheupe. Moto wa utambi uko karibu na 1900K, balbu za zamani za waya karibu na 2700K, na 6500K ni mwanga wa mchana. Yaani nilimwekea mama yangu mchana barazani saa mbili usiku.

Safari hii sikununua kwa kusikiliza dukani. Nilichukua balbu moja ya 2700K, moja ya 3000K na moja ya 4000K, za wati sawa, nikazijaribu usiku kwa zamu mahali palepale. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe, na chini ya 2700K mashimo na mikunjo yake yote ilijitokeza, jiwe likapata rangi ya asali. Nyuso za watu pia zilipendeza. Majani ndiyo yalinipa shida: asumini na nyasi zilionekana kama zimekosa maji, kijani kimegeuka manjano. Kwa 3000K kijani kilirudi. Kwa 4000K majani yalikuwa mazuri zaidi, nakiri, ila mtu akikaa hapo anaonekana kama ametoka kuugua, na bustani yetu ni ya watu kabla ya kuwa ya maua. Kwa hiyo baraza na ukuta nimeweka 2700K, njia na maua 3000K.

Wadudu nao wamepungua. Wengi wao huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu nyingi, na taa za njano zina buluu kidogo. Masika yaliyopita tulikuwa tunafagia mabawa ya kumbikumbi kwa ndoo. Mwaka huu bado walikuja, lakini tuliweza kula chakula cha usiku nje bila kufunika sahani kila dakika.

Kaka yangu alipinga sana, akisema mwanga mweupe ndio unaofukuza wezi. Nilimsimamisha langoni taa ya zamani ikiwaka usawa wa macho, nikamwomba aniambie ni nani amesimama nyuma ya mwembe. Hakumwona mtoto wake mwenyewe. Taa ikikupiga machoni, kivuli cha nyuma yake kinakuwa kizito zaidi. Tumeweka ya njano yenye kofia, inatazama chini, na sasa mwembe wote unaonekana mpaka shinani. Hapo rangi imesaidia, lakini kuielekeza chini kumesaidia zaidi.

Kwenye Luku, mita yetu ya umeme, sijaona tofauti: taa kumi za wati 5 zikiwaka kwa muda wa saa tano ni robo yuniti kwa usiku. Na kwa sisi wa pwani, angalieni pia maandishi ya IP65 kwenye boksi la taa ya nje, yaani haipitishi vumbi wala maji ya kurushwa. Mwenye nyumba ufukweni kabisa, ambako kasa hutaga, asiridhike hata na 2700K: watoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga wakidhani ndio bahari, hivyo taa inayotazama maji ni bora izimwe.

Lawama yangu ni moja. Balbu moja iliungua, nikanunua ya kampuni nyingine, nayo imeandikwa 2700K vilevile, lakini ikiwaka ina wekundu ambao wenzake hawana. Iko katikati ya ukuta na naiona kila jioni. Nunueni zote siku moja, za aina moja, na mbili za akiba.