Kioo cha tachi cha inchi 3.5 kwenye Raspberry Pi: kidole kimelowa, na bado kinaitika!

Haya wapendwa, karibuni tena, hapa ni Mwanga, Kigoma, umeme upo, kwa hiyo twende mbio. Mezani nina kioo cha tachi cha inchi 3.5, kile cha kuchomeka juu ya pini za Raspberry Pi. Pi yenyewe, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, mnaijua, naruka. Kioo kinashika pini 26 za mwanzo. Anzia pini namba 1, usikisogeze hata safu moja.

Umewasha kimebaki cheupe pee? Tulia, hakijaungua, ila Pi haijaambiwa kwamba kipo. Maelekezo ya zamani yanakutuma kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, ndani ya /boot, wakati tangu toleo la Bookworm la 2023 la mfumo endeshi wa Pi faili hilo liko /boot/firmware. Andika dtparam=spi=on, chini yake dtoverlay=piscreen,drm, kama chipu inayoendesha kioo chako ni ILI9486 kama hii. Hifadhi, zima, washa. Mnaona? Kimekubali!

Sasa sogeeni, maana hili ndilo lililonifanya nirekodi leo. Nachovya kidole kwenye maji... kinachuruzika... nabonyeza. Kimefungua! Navaa glavu za mpira. Kimefungua! Kifuniko cha kalamu, kwenye kitufe kile kidogo cha pembeni kabisa... kimefungua! Simu yako ikipata matone inahangaika, kwa sababu inasoma umeme wa kidole. Hiki kina matabaka mawili yanayogusana ukikandamiza, basi. Kinachokandamiza hakijali ni nini. Mfikirieni mama anayepima dagaa pale Kibirizi, mikono imelowa tangu alfajiri. Kioo chake ni hiki! Na ule mradi wa mzani niliowaahidi, video ijayo, utatumia hiki hiki.

Kutazamia video, hapana. Data inapita kwenye SPI, njia ile ya pini tuliyoiwasha kwa spi=on, na kwa megahezi 16 hupati hata picha 7 kwa sekunde. Tena nikikizungusha, mguso haufuati: nabonyeza juu, kinaitika chini, mpaka niulinganishe upya. Hilo linaniudhi sana.

Kipo kioo kingine, Touch Display 2 ya Raspberry Pi wenyewe, ya Novemba 2024: inchi 7, piseli 720 kwa 1280, picha safi kabisa. Lakini ilitoka kwa dola 60, bado hujalipa usafiri wa kuifikisha huku mwisho wa reli. Hiki nimekichukua kwa shilingi 55,000. Mwenye ile nyingine aijaribu na kidole chenye mawese, aniandikie hapo chini imeitikaje.