Siku ya sayansi ya familia shuleni Nakuru: uzoefu wangu

Jumamosi iliyopita nilienda na mwanangu wa Gredi ya 6, pamoja na mama yangu, kwenye siku ya sayansi ya familia katika shule ya msingi anakosoma hapa Nakuru. Hakuna kiingilio. Wanaoiendesha ni walimu na watu wa mtaani waliojitolea, na wenye biashara za karibu huleta vifaa. Barua ya shule ilisema kila familia ibebe sufuria moja, na kweli sufuria ilifanya kazi.

Tulikaa sana kwenye meza ya muuza gesi. Alikuwa na mtungi, jiko na kipimajoto kirefu cha kioo. Mwanangu akapewa kazi ya kusoma. Maji yakaanza kutokota, yakatokota hadi mvuke ukatupiga usoni, na ule mstari mwekundu ukasimama kwenye 94. Akangoja. Haukusogea.

"Mama, hiki kimeharibika. Kitabu kinasema 100."

Muuza gesi hakumbishia, alimpa kipimajoto kingine. 94 tena. Ndipo mwalimu akaeleza: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku haiyakandamizi maji kama ya pwani, kwa hiyo hutokota kabla ya kufika 100. Mama yangu akadakia, "Kumbe! Nilipokuwa nakaa Likoni, kule pwani, githeri ilikuwa inaiva upesi, nikadhani ni maharagwe ya kule." Mwalimu akamwomba ayarudie maneno hayo kwa sauti ili wote wasikie. Mwanangu akafungua daftari, akaandika maneno ya shosho wake chini ya ile 94. Kisha muuza gesi akafunika sufuria ya presha, akaonyesha kwamba mvuke ukifungiwa ndani joto hupanda hadi karibu 120, na ndiyo maana inaokoa gesi.

Kwa mfamasia, mama mmoja aliuliza kwa nini meno ya watoto wengi wa hapa yana madoa ya kahawia. Jibu lilinigusa, kwa sababu wangu anayo. Ni floraidi, aina ya madini, inatoka kwenye miamba ya volkeno na kuingia katika maji ya visima. Miaka yote hii nimekuwa nikichemsha maji nikiamini nimemkinga mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa. Alituonyesha punje zake nyeusi, tukazishika.

Yaliyoniudhi nayo niyaseme. Tulianza saa nne badala ya saa tatu, na wazee walikuwa wamesimama juani. Vipimajoto vilikuwa viwili tu, watoto wa nyuma hawakusoma chochote. Na kampuni moja ilileta bango na kipaza sauti, ikatangaza bidhaa zake karibu nusu saa huku watoto wameketi kimya. Mfadhili wa aina hiyo simtaki. Fundi wa redio aliyekuja na boksi la spika mbovu, akawaacha watoto wazifungue mpaka kwenye sumaku, alitufaa kuliko bango lolote. Tena aliongea Kiswahili, shosho wote wakaelewa. Kijana mmoja aliyejitolea aliongea Kiingereza kitupu, na nilimwona baba mmoja akirudi nyuma polepole mpaka akatoka nje ya hema.

Nitarudi muhula ujao, na nimeomba kusaidia kwenye meza ya jiko. Ukienda, beba sufuria yenye mfuniko, fika na mzee wa nyumbani kwako, na umwekee kiti.