Oili ya injini kwa magari ya Unguja na Pemba: anza na namba ya kwanza

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wenye magari madogo ya Toyota, wa Mjini na wa Chake Chake pia, yanafanana kiasi cha kunifanya niamini kwamba chanzo chake ni kimoja. Gari limetoka Japani likiwa na injini tulivu, na baada ya kumwagwa oili mara ya kwanza au ya pili hapa kwetu, kila asubuhi linapowashwa husikika mlio wa kugongagonga juu ya injini kwa sekunde chache, kisha petroli inaanza kwisha upesi kuliko zamani. Ninapouliza ni oili gani iliyotiwa, jibu huwa 20W-50, na ninapouliza ni nani aliyeichagua, jibu huwa ni muuzaji wa duka la spea aliyesema, "Dada, hapa kwetu joto, hiyo nyepesi itakuunguzia injini."

Kwa hiyo sitazungumzia rangi ya oili wala kama ni ya sintetiki, mambo ambayo kila muuzaji huyaeleza bila ya kuulizwa. Nitakaa kwenye namba ya kwanza iliyoandikwa kwenye dumu, ile inayotangulia herufi W, ambayo karibu kila mtu hapa visiwani anaipuuza kwa hoja kwamba ni ya nchi za baridi.

Namba ya pili hueleza uzito wa oili, yaani mnato wake na si kilo zake, ikiwa imeshapata moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi: oili ya namba 30 huwa kati ya sentistoksi (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5, na ya namba 50 huwa kati ya 16.3 na 21.9. Namba ya kwanza hueleza uzito huo oili ikiwa baridi, na hupimwa kwenye baridi ambayo sisi hatutaiona, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa 5W na nyuzi 15 chini ya sifuri kwa 20W, na hapo ndipo wauzaji wanapopata pa kushika. Lakini oili haisubiri barafu ndipo iwe nzito. Katika karatasi za vipimo zinazotolewa na watengenezaji, 5W-30 ya kawaida kwenye nyuzi 40 huwa na mnato wa sentistoksi 60 hivi, ilhali 20W-50 huzidi 150. Na injini iliyolala usiku kucha Fuoni au Wete haifiki hata nyuzi 40, iko kwenye 25 au 27, ambako pengo hilo huwa kubwa zaidi. Sehemu ya pengo inatokana na ile namba ya pili, nakubali, na kati ya 5W-30 na 10W-30 tofauti kwa hali yetu ya hewa ni ndogo. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba 20W ni sawa na 5W kwa sababu hatuna theluji.

Hoja ya joto la nje nayo haisimami. Injini ina thamostati inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yakaribie nyuzi 80 au zaidi, na ikishapata moto hukaa katika kiwango hicho, iwe ni Kaskazi au Kipupwe. Ikiwa gari linachemsha, tatizo lake ni rejeta, feni, pampu ya maji au gasketi, na hakuna oili nzito itakayoliponya. Isitoshe, safari zetu ni fupi mno: anayetoka Kiembesamaki kwenda Darajani, akazima, akapita Mwanakwerekwe sokoni, akazima tena, anaendesha karibu wakati wote kwa oili ambayo haijapata moto, kwa kuwa oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Anayekwenda Nungwi, kilomita 60 hivi kutoka Mjini, ndiye ambaye oili yake hupata nafasi ya kufika kwenye namba ya pili. Wenzetu wa Pemba wana vilima, na injini zao hufanya kazi zaidi, lakini nao huwasha gari asubuhi kama sisi.

Injini zilizojaa katika barabara zetu, kama 1NZ-FE inayopatikana ndani ya IST, Probox na baadhi ya Vitz, zina VVT-i, mfumo wa kubadili wakati wa kufunguka kwa vali, ambao hugeuza pembe ya kemshafti (mhimili unaozifungua vali hizo) kwa nguvu ya presha ya oili inayopita kwenye vali ndogo na chujio jembamba. Oili nzito huchelewa kufika huko juu, na ikiwa chujio limeanza kuziba kwa uchafu, huchelewa zaidi. Ni kweli kwamba vitabu vingi vya Toyota vilivyoandikwa kwa masoko ya nje ya Japani vina jedwali la joto ambalo ndani yake 15W-40 na 20W-50 zimeruhusiwa kwa nchi kama yetu, na fundi anayelijua jedwali hilo ana haki ya kulitaja. Hata hivyo vitabu hivyohivyo huitaja 5W-30 kuwa ndiyo bora kwa matumizi ya mafuta na kwa kuwasha injini katika hali ya hewa ya baridi. Kuruhusiwa ni jambo moja, na kupendekezwa ni jambo jingine.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza, na ninalisema waziwazi kwamba naipenda chapa hii kuliko nyingine zote, ni oili ya Toyota yenyewe, 5W-30, kwa gari lolote la petroli la Toyota ambalo kifuniko chake cha kutilia oili au kitabu chake kinataja namba hiyo na ambalo haliunguzi oili. Toyota haisafishi mafuta, hutengenezewa na kampuni za oili kwa vipimo vyake, lakini vipimo hivyo vimewekwa na walewale waliozichora injini zetu, na hilo kwangu linatosha. Dumu la lita 4 linatosha kwa 1NZ-FE, ambayo pamoja na filta huchukua lita 3.7. Kwa kuwa oili hii inapendwa, inaghushiwa pia. Hakikisha pete ya kifuniko haijakatwa, na ukimaliza toboa dumu tupu mwenyewe kabla hujaondoka gereji, ili lisije likajazwa tena kitu kingine.

Chaguo la pili ni 10W-40, na hapa naridhika na Shell Helix HX7 au Castrol Magnatec. Hii ni ya injini iliyokwenda masafa marefu, ambayo kijiti cha oili kinaonesha inapungua kati ya kumwaga na kumwaga, au inayotoa moshi wa buluu. Namba ya pili imepanda kidogo ili kuziba uchakavu, na namba ya kwanza bado iko chini. Huko ndiko mtu alipaswa kupelekwa kabla ya kurushwa moja kwa moja hadi 20W-50.

Wenye Aqua na Prius ambazo injini zao zimeandikwa 0W-20 wasishawishike kuiacha. Katika gari la haibridi kama hayo, linalotumia petroli na umeme, injini huzimika na kuwaka mara nyingi ndani ya safari moja, na mara nyingi huwaka ikiwa haijapata moto wa kutosha; hakuna mahali ambapo namba ya kwanza ina kazi kubwa kuliko hapo. Ikikosekana dukani, 5W-30 ya sintetiki itakuvusha mpaka utakapoipata.

15W-40 ni ya dizeli, Hiace na Land Cruiser za zamani, na herufi za kiwango zilizoandikwa nyuma ya dumu lake zianze na C, kama CI-4. 20W-50, hata ikiwa nzuri kama Castrol GTX, ibaki kwa injini kuukuu zilizochoka kabisa. Oili ya namba 40 peke yake, isiyo na W, ni rahisi kwa bei na siipendekezi kwa gari lolote nililolitaja. Ukiona nyuma ya dumu la bei nafuu herufi SF, fahamu kwamba kiwango hicho ni cha injini za petroli zilizotengenezwa mwaka 1988 na kurudi nyuma. Tafuta SN, au SP iliyoanza mwaka 2020.

Linaloniudhi zaidi ni namna biashara yenyewe inavyofanywa. Dumu lilelile lina bei hii duka hili na bei nyingine duka la jirani, na ukiuliza sababu unaambiwa ni usafiri wa meli kutoka Dar es Salaam, kana kwamba duka la jirani halikuvuka bahari ileile. Kuna wanaouza oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi, na mnunuzi hana njia yoyote ya kujua namba ya kwanza wala ya pili. Halafu kuna mtindo wa kumuuzia dumu la lita 5 mtu ambaye injini yake inachukua lita 3.7: ama yote inamiminwa ndani mpaka inapita alama ya juu ya kijiti, jambo linaloweza kuifanya oili itoe povu na kuharibu sili, ama lita moja na zaidi inabaki gereji na kuuziwa mwingine. Ulizia ujazo wa injini yako kabla ya kutoa fedha, simama karibu fundi anapomimina, na kilichobaki kichukue uende nacho nyumbani, kwa sababu umekilipia na utakihitaji kwa kuongezea kabla ya kumwaga tena.